Msimguse Mke Wangu

“Maharagwe yangu yako wapi, Baba Duke?”

“Leo hakuna.”

“Jana hayakuwepo. Juzi hayakuwepo. Kwani yamehamia wapi?”

Thadeus hakucheka. Alisogeza sahani karibu na mkono wangu wa kushoto, ule usiotetemeka sana, akaketi upande wa pili wa meza na kuanza kula bila kuniinulia macho. Matoke ya kuchemsha na mboga ya managu. Asubuhi ilikuwa uji wa wimbi bila maziwa, na jioni, nilijua tayari, ingekuwa ugali na hayo hayo managu.

“Basi nipe maziwa kidogo. Huyo ng'ombe ni wangu pia.”

“Mama Duke, kula hicho.”

Alisema taratibu, kwa sauti ile ile aliyonitongozea miaka ishirini na sita iliyopita pale sokoni Nyamache. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa mume wangu. Mtu akikunyima chakula kwa ukali, utamjibu kwa ukali. Akikunyima kwa upole, unabaki na kijiko mkononi hujui useme nini.

Naitwa Orpah, nina miaka hamsini na mmoja. Kabla mkono wangu wa kulia haujaanza kucheza bila ngoma, nilikuwa mchumaji chai ambaye wanawake wenzangu hawakupenda kusimama mstari mmoja naye, maana kikapu changu kilijaa mapema na mdomo wangu haukunyamaza. Miaka minne iliyopita daktari mjini Kisii aliniambia nina ugonjwa wa Parkinson. Hauponi, alisema, ila vidonge vingenisaidia kusogea. Vilisaidia kweli. Nilichuma, nilipika, niliimba kwaya, ingawa kitabu cha nyimbo nilishikiwa.

Thadeus anatibu mifugo. Kuanzia kwetu Nyamache mpaka Manga huko Nyamira watu humwita Daktari, na yeye hukubali jina hilo bila aibu. Tangu niugue alinilea kama yai. Aliniosha, alinivisha, alinifunga kilemba. Kanisani kwetu Waadventista akina mama walimwita mume wa mfano, na Bosibori, shemasi wetu, alimwambia mumewe mbele ya watu aje ajifunze kwa wangu.

Huyo mume wa mfano ndiye aliyeanza kuniondolea chakula. Maziwa yalitangulia, yote yakaenda kwa jirani. Yakafuata mayai, maharagwe, omena, hata njugu. Kisha fimbo yangu ya kutembelea ikapotea, naye akasema sina haja nayo kwa kuwa yeye yupo. Nikijaribu tu kuinuka kitini alikuwa ameshafika, mikono chini ya makwapa yangu, ananibeba. Nikigusa kikapu cha chai alinipokonya.

Mimi sikuhitaji mizani. Nilipima kwa gambuti zangu za mpira za shambani. Mwezi wa kwanza zilinibana mguuni. Mwezi wa tano niliweza kuingiza ngumi nzima kati ya mpira na mguu. Mwezi wa sita nilijaribu kusimama bila mtu, nikaona mapaja yangu yanatetemeka tu kama ya ndama aliyezaliwa jana, nikarudi chini.

Wiki hiyo hiyo ng'ombe wa mzee Anyona alianguka baada ya kuzaa akashindwa kuamka. Thadeus alishinda huko siku mbili akimgeuza ubavu huu na ule, akimlisha, akimfunga kamba na kumwinua. Alimgombeza mzee wa watu kwa kumwacha alale mpaka Anyona akakosa pa kujificha. Thadeus mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Siku hizo mbili mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi, kwa sababu aliniagiza nisisogee mpaka arudi.

*

Jumapili asubuhi Thadeus aliacha simu mezani akaenda kukamua. Simu ikatoa mlio. Sikuwa mtu wa kupekua simu ya mume, lakini njaa humfundisha mtu tabia mpya. Jina lilikuwa Linet Manga.

“Hujamrudishia kitu? Kaza moyo. Akiomba maziwa usimhurumie. Na usimwambie sababu, atakataa.”

Nilirudia kuusoma ujumbe huo, maana kioo kilikuwa kinacheza na mkono wangu. Juu yake palikuwa na ujumbe wa Thadeus wa siku tatu nyuma: “Nimeshaondoa vyote. Lakini anakonda sana. Naogopa.” Na jibu la huyo mwanamke: “Vumilia kidogo tu.”

Nikairudisha simu mezani kama ilivyokuwa, nikasikiliza maziwa yakipiga ndoo nje, na nikawaza kwamba hata ndoo inaonja hayo maziwa, mimi siyaonji.

Alipoondoka nilimpigia Lorna, mdogo wangu mwenye duka la vitambaa huko Ogembo. Nilimweleza yote, kuanzia maharagwe hadi huyo Linet. 

“Dada, huyo anakumaliza pole pole,” akasema. “Akizika atapewa pole na kanisa zima. Nani atauliza? Wewe ni mgonjwa tayari.”

“Thadeus hawezi.”

“Yule aliyekuwa anakupa maziwa hangeweza. Huyu humjui.”

Alitaka aje anichukue siku ile ile. Nikakataa. Nilimwogopa mume wangu na nilimpenda, vyote viwili kwenye kifua kimoja, na sikujua nianze na kipi. Usingizini bado alinishika kiuno. Ningemshtaki vipi mtu anayenishika kiuno?

Jumatatu asubuhi, baada ya kidonge changu, Thadeus alienda kukata nepia, majani ya ng'ombe. Banda la kuku liko hatua nane kutoka mlango wa jikoni. Nilizimaliza kwa magoti na viganja. Nikaingiza mkono, nikatoa mayai mawili yenye joto, nikapasua moja kwa jino nikalinywa pale pale, mimi mke wa mtu, mama wa Duke, kijana mwenye kazi Nairobi, ninaiba kwenye banda langu mwenyewe.

Kivuli kikanifunika.

“Umekunywa dawa saa ngapi?” Thadeus aliuliza. Uso wake ulikuwa umepauka.

“Sasa hivi.”

Alinipokonya yai la pili kwa nguvu hadi likapasuka vidoleni mwetu.

“Unataka kujimaliza, Orpah?”

“Ni nani hapa anayetaka kunimaliza?”

Aliniinua. Nilikuwa mwepesi mikononi mwake kama kikapu kisicho na majani, na nilijua ameuhisi huo wepesi kwa sababu aligeuza uso upande wa migomba ili nisimwone. Mimi niliona dalili ya mtu aliyebanwa na dhambi yake. Aliponiweka kitini na kutoka, nilimwandikia Lorna maneno mawili.

“Njoo kesho.”

*

Jumanne alikwenda Nyamira kuchanja ng'ombe. Lorna akafika na gari la kukodi, tukaondoka bila kumwachia hata ujumbe. Lorna alitaka tuanzie polisi. Mimi nilitaka nianzie kwa mtu atakayeniambia nimebakiza siku ngapi, kwa hiyo tukaenda kliniki moja mjini Kisii, nikapelekwa kwa Haron, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye saa kubwa mkononi.

“Mama, kunja mikono kifuani. Nikisema anza, simama, keti, simama, keti. Nahesabu nusu dakika.”

Akasema anza. Nikajaribu. Nikajaribu tena. Kiti hakikuniachia. Saa yake ilipolia hakutaja idadi yoyote, aliandika tu. Kisha alizungusha utepe kwenye shavu la mguu wangu, akaufinya mkono wangu juu ya kiwiko.

“Mama, unakula nini nyumbani?”

“Ninachopewa.”

“Unapewa nini?”

“Mume wangu ananiua kwa njaa,” nikasema. Kumbe nilikuwa nimeibeba sentensi hiyo muda wote mdomoni, ikatoka bila kutetemeka.

Haron aliweka kalamu chini. Lorna akatoa simu akampigia Thadeus, akamwambia tuko wapi na aje ajibu, akakata.

Alifika na pikipiki kabla ya saa nzima kuisha, bado yuko ndani ya ovaroli, ananuka dawa ya kupe. Alisimama mlangoni akinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayehakikisha nimebaki mzima. Nami nikamtazama. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na juu yake ovaroli ilikuwa inaning'inia. Sikuwa nimeliona hilo nyumbani.

“Linet ni nani?” nikauliza kabla hajaketi.

“Ni mke wa Sylvanus wa kule Manga. Huwa natibu ng'ombe wao. Sylvanus ana ugonjwa kama wako.”

“Na mimi nilikukosea nini?”

“Hukunikosea. Dawa yako imeanza kuisha nguvu kabla ya saa yake. Saa nne asubuhi unaganda mlangoni kama umepigiliwa misumari, nami nasimama nyuma yako sijui la kufanya. Linet akaniambia maziwa, mayai na maharagwe yanagombania njia moja na dawa ndani ya mwili, na dawa ndiyo inashindwa. Alimwondolea mumewe, siku ya tatu akatembea mpaka barabarani. Nikaona nikuondolee vyote.”

“Bila kuniambia?”

“Ningekuambia nini? Kwamba dawa tunayoitegemea inashindwa? Wewe humeza vidonge ukiimba, Orpah. Sikutaka uache kuimba.” Akafuta uso kwa kiganja. “Na mimi niliacha hivyo vyakula, usije ukaniona najilia peke yangu.”

Lorna, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, alibaki ameshika mkoba.

Haron alituketisha wote. Alisema Linet hakudanganya, ila alishika nusu ya maneno. Kidonge kinywewe nusu saa au zaidi kabla ya kula, kisikutane na yai wala maharagwe. Wengine hushauriwa vyakula hivyo wavile zaidi jioni, na hilo daktari angetupangia. Lakini kuviondoa kabisa ni hatari. Ugonjwa huu tayari unaila misuli, alisema, na mwili ukikosa cha kuijengea, inaisha mbio. Na mguu usiotumika unakwisha haraka zaidi. Kila Thadeus aliponibeba kutoka kitini alikuwa ananiibia mazoezi ya siku hiyo.

Kisha akamwomba mume wangu ampigie Linet. Thadeus akaweka spika.

“Bwakire, Daktari,” sauti ya Linet ikasalimu, changamfu. “Mama Duke ameanza kutembea?”

Haron alijitambulisha, akaulizia hali ya mzee Sylvanus.

“Ooh, mwanzoni alitembea vizuri sana.”

“Na sasa, mama?”

Tulisikia kuku wakilia huko Manga.

“Hajasimama tangu mwezi wa tatu. Nilijua ni ugonjwa umeongezeka. Kwani si ugonjwa?”

Hakuna aliyemjibu upesi, na huko kuchelewa kukamjibu. Alianza kulia, kilio cha chini cha mtu asiyetaka kusikika na aliye chumba cha pili. Haron alimwambia jioni hiyo ampe mumewe maharagwe na kesho amlete, bado kuna la kufanya. Mimi niliyekuwa nimepanga kumng'oa nywele huyo mwanamke nilijikuta nalia naye. Hofu ilinipanda upya, maana niliona nilikokuwa naelekea. Kulikuwa na kitanda Manga, na kingine kama hicho kilikuwa kinanisubiri Nyamache.

Simu ilipokatika nikamgeukia mume wangu.

“Ng'ombe wa Anyona ulimgeuza siku mbili. Ulimwambia mzee wa watu akimwacha alale, misuli ya paja itakufa. Mimi ukaniketisha ukaniambia nisisogee.”

Thadeus akashuka kutoka kwenye kiti akaketi sakafuni na ovaroli yake, mgongo ukutani, akajifunika uso. Nilimjua mtu huyo robo karne na ushei na sikuwahi kumwona ameketi chini mbele ya watu.

“Nilijua,” akasema ndani ya viganja. “Kwa ng'ombe nilijua.”

Aliomba turudi nyumbani. Nikakataa.

“Nilikuogopa nikidhani unanichukia,” nikamwambia. “Sasa naiogopa huruma yako zaidi. Nitakaa kwa Lorna mpaka miguu yangu irudi kuwa yangu.”

*

Kule Ogembo, kila asubuhi saa moja kamili ujumbe wa Thadeus uliingia.

“Dawa.”

Saa moja na nusu: “Sasa chakula.”

Saa tatu: “Simama.”

Basi. Hakuna mpenzi, hakuna nisamehe. Lorna alinicheka kwamba natongozwa na saa ya mezani. Sikujibu hata mmoja. Lakini nilikunywa, nilikula, na saa tatu nilikishika kiti cha dukani na kupambana nacho wateja wakichagua vitenge. Kuna asubuhi niligandia katikati, si juu si chini, jasho likinitoka, nikajiuliza kama Haron alinipa matumaini ya bure. Niliiogopa hata Jumatano, kwa kuwa kila Jumatano nilirudi kwake kupimwa.

Siku ya kumi na moja nikamwandikia Thadeus neno moja.

“Mbili.”

Jibu likaja kabla sijaiweka simu. “Kwa kushika au bila?”

“Bila.”

Akapiga. Nikapokea. Nilimsikia tu akihema, na ng'ombe wetu nyuma yake, na nadhani naye aliwasikia wateja wa Lorna. Tulikaa hivyo mpaka salio lake likaisha.

Wiki ya sita, nilipofika tano, alikuja mwenyewe. Alikuwa ameshika fimbo yangu, ameipaka mafuta inang'aa. Akakiri aliificha kwenye stoo ya nepia.

“Nakuogopea ukianguka,” akasema. “Kuogopa siwezi kuacha, Orpah. Lakini mikono nitaizuia.”

Nilimwambia maneno ni rahisi, nitaona mikono yenyewe. Kisha nikamwambia afunge begi langu.

*

Sabato ya Meza ya Bwana ilitukuta nyumbani. Kwetu, kabla ya mkate, watu hutawadhana miguu, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, na waliooana hupewa chumba cha watoto wakitaka kuoshana wao kwa wao. Tukaingia humo pamoja na wenzetu kama kumi hivi. Bosibori alikuwa anagawa mabeseni na taulo.

Thadeus alinitangulia kuniosha. Alipofika kwenye shavu la mguu alisimamisha mkono pale, juu ya nyama kidogo iliyorudi, akaushikilia muda mrefu kuliko ibada inavyohitaji. Kisha akaketi, na zamu ikawa yangu.

Kushuka si kazi. Nilipiga magoti, nikamwosha mguu wa kulia na wa kushoto, maji yakicheza beseni zima kwa sababu ya mkono wangu. Nikaweka kiganja kwenye kiti kilichokuwa kando, nikasukuma. Sikuinuka. Nikasukuma tena, na miguu ikaganda, ule mgando wa saa nne asubuhi ninaoujua. Hofu ikanijia nzima kama ilivyokuwa bandani kwa kuku: kwamba nitabaki hapa chini, mbele ya watu wote, na baada ya hapa ni kitanda.

Bosibori na akina mama wawili wakaja mbio.

Thadeus akasimama kabla yao, miguu inatiririka maji, akawazibia njia.

“Msimguse mke wangu.”

“Thadeus, ataanguka.”

“Naona. Msimguse.”

Mtu mmoja akafyonya nyuma yangu. Bosibori alimtazama juu mpaka chini.

“Na sisi tulikuita mume wa mfano,” akasema.

Thadeus aliyapokea yale macho yote, yeye ambaye alipenda sifa za kanisa kuliko alivyokubali, akaipeleka mikono yake nyuma ya mgongo na kuifumbata. Nilikuwa chini, kwa hiyo nilimwona vizuri. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka kuliko mkono wangu. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Nikakumbuka Haron: mguu mmoja mbele, pua ipite vidole vya mguu, ndipo usukume. Nikaweka unyayo sakafuni. Nikainama mbele mpaka nikaona uso wangu ndani ya beseni. Nikasukuma. Mapaja yaliwaka, kiti kikalia kwenye sementi, na mimi nikapanda, kidogo, kidogo tena, hadi macho yangu yakafika usawa wa vifungo vya shati lake, kisha kidevu, kisha macho yake.

Bosibori alikuwa ameziba mdomo kwa taulo.

“Unaweza kuiachia mikono sasa,” nikamwambia mume wangu.

“Bado,” akasema, machozi yanamwingia mdomoni. “Naogopa.”

Nikapiga hatua mbili nikimzunguka, bila fimbo, nikaifungua mikono yake mimi mwenyewe.